Neno la Kila Asubuhi na Watu Waliotupatia Neno Hilo: Tathmini ya Tafakari za Kila Siku

Utangulizi

Katika vyuo vyetu tumezoea kuyapima mahubiri ya Jumapili. Mwanafunzi huhubiri, wenzake humsikiliza, mwalimu huuliza kuhusu matini, muktadha na tofauti ya Sheria na Injili. Tafakari fupi ya kila siku haipimwi namna hiyo. Huandikwa kwa haraka, husomwa kwa dakika tano, kisha ukurasa hufunuliwa. Hata hivyo Jumapili za mwaka ni 52, na siku za mwaka ni 365. Baba anayeongoza sala nyumbani kabla watoto hawajaenda shule, muuguzi anayeanza zamu, wanawake wa umoja wa usharika, wote hao husoma aya moja, maelezo ya aya mbili au tatu, na sala. Kwa njia hiyo Mkristo wa kawaida hujengewa picha ya Mungu, na pamoja nayo picha ya Wayahudi.

Katika makala hii tunakusudia kuzipima tafakari hizo kwa swali moja tu: zinawatendeaje Wayahudi, ambao Maandiko yao tunayasoma karibu kila asubuhi? Hoja yetu ni kwamba heshima kwa mapokeo ya Kiyahudi ni sehemu ya usomaji mwaminifu wa Biblia. Tafakari inayomchora Myahudi kwa rangi nyeusi ili Mkristo aonekane mweupe huvunja amri ya nane, maana humshuhudia jirani uongo. Tena humnyima msomaji wake neno lenyewe alilolifungua kitabu ili alipate.

Kura ya Herrnhut

Mfano mkubwa wa maandishi ya aina hii ni kitabu cha maneno ya kila siku cha Herrnhut, huko Saksonia katika Ujerumani. Tarehe 3 Mei 1728, katika ibada ya jioni, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf aliwapa waumini neno fupi la kwenda nalo siku iliyofuata. Kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa kilikuwa cha mwaka 1731, na tangu wakati huo kimeendelea kutoka kila mwaka. Leo hupatikana kwa makumi ya lugha, Kiswahili kikiwamo. Kwetu si kitu kigeni. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na desturi ya neno la siku imewafikia pia Walutheri wengi.

Utaratibu wake unastahili kuelezwa. Aya ya Agano la Kale kwa kila siku hupatikana kwa kupiga kura huko Herrnhut, kutoka katika mkusanyo wa aya wapata 1,800, miaka mitatu kabla ya mwaka husika. Kisha mhariri huchagua aya ya Agano Jipya inayopatana nayo. Mwishoni huwekwa ubeti wa wimbo au sala.

Utaratibu huu una nguvu mbili. Ya kwanza ni kwamba msomaji hachagui neno linalompendeza. Neno humjia kutoka nje yake. Ya pili ni kwamba kila asubuhi Kanisa huanza kwa kumsikiliza Musa, nabii au mwimba Zaburi, ndipo limsikilize mtume. Katika nchi na nyakati ambapo Wakristo walitaka kuliacha Agano la Kale kama kitabu cha taifa jingine, kitabu hiki kidogo kiliendelea kuliweka mbele ya macho yao.

Udhaifu wake nao hauna budi kutajwa. Aya iliyotengwa na sura yake ni kama jiwe lililong'olewa katika ukuta: ni jiwe lile lile, lakini ukuta hauonekani. Zaidi ya hayo, aya ya pili inapowekwa chini ya ile ya kwanza, msomaji hujifunza pasipo kuambiwa kwamba neno la Israeli halijakamilika mpaka neno la Kanisa litie muhuri. Mara nyingine uhusiano huo ni wa kweli na wa kina. Lakini mwandishi wa tafakari asiyejihadhari hufika kwenye aya ya pili mapema mno. Ya kwanza huwa ngazi ya kukanyagia tu.

Dietrich Bonhoeffer alikipenda kitabu hiki na alikitumia kila siku. Akiwa New York tarehe 26 Juni 1939 alikutana na ombi la Paulo kwa Timotheo la kuja kabla ya majira ya baridi (2 Tim. 4:21), akaona kwamba linamhusu yeye; mwezi uliofuata alirudi Ujerumani. Hatuwezi basi kusema kwamba Mungu hasemi kwa njia ya aya moja. Lakini Bonhoeffer huyo huyo, katika kitabu chake juu ya maisha ya pamoja ya Wakristo kilichotoka mwaka 1939, alionya kwamba neno la siku, pamoja na baraka zake, haliwezi kuchukua nafasi ya kuyasoma Maandiko mfululizo na kwa ukamilifu. Na katika barua ya Desemba 1943 kutoka gerezani Tegel alieleza kwamba anayetaka kuwaza na kuhisi kwa namna ya Agano Jipya upesi mno na moja kwa moja, huyo kwa maoni yake si Mkristo. Onyo hilo linawafaa sana waandishi wa tafakari za kila siku.

Mwezi wa Novemba 1938

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya mtindo wa kuandika. Historia inatuonyesha kwamba ni zaidi ya hayo. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, mamia ya masinagogi yalichomwa moto katika Ujerumani. Tarehe 10 Novemba ni siku aliyozaliwa Martin Luther. Katika mwezi huo huo askofu Martin Sasse wa Thuringia alitoa kijitabu cha maneno ya Luther dhidi ya Wayahudi, akashangilia kwamba masinagogi yanaungua katika siku ya kuzaliwa kwa Mrekebishaji. Maneno hayo hakuyabuni. Mwaka 1543 Luther alikuwa ameandika kitabu kikali ambamo alishauri masinagogi yachomwe, nyumba za Wayahudi zibomolewe, vitabu vyao vya sala vichukuliwe na marabi wao wakatazwe kufundisha.

Katika siku zile zile Bonhoeffer alifungua Zaburi ya 74. Penye aya ya 8, inayolia juu ya adui waliochoma mahali pote pa kumkutania Mungu katika nchi, aliandika pembeni tarehe ya usiku ule. Kisha, tarehe 20 Novemba, aliwaandikia wanafunzi wake wa zamani kwamba amekuwa akiiwaza Zaburi hiyo pamoja na Zekaria 2:8 na sehemu za Warumi 9 na 11.

Askofu na mchungaji yule walikuwa na Biblia moja. Katika kijitabu cha askofu, Wayahudi walikuwa maadui wa Mungu waliokwisha kuhukumiwa. Mchungaji aliposoma Zaburi aliwaona Wayahudi mahali pale pale Zaburi ilipowaweka, yaani wakimlilia Mungu mbele ya nyumba zake zinazoungua. Tusimfanye Bonhoeffer malaika. Katika insha yake ya mwaka 1933 juu ya Kanisa na Wayahudi bado aliyarudia mafundisho ya zamani kwamba taifa lililomsulubisha Kristo linabeba laana. Miaka mitano baadaye alikuwa anasoma kwa namna nyingine. Kwetu hilo ni faraja, maana linaonyesha kwamba usomaji unaweza kutubu.

Walutheri ulimwenguni wametubu pia kwa maneno ya wazi. Mwaka 1983 wajumbe wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na wa Kiyahudi walikutana Stockholm, na Walutheri walitamka kwamba hawawezi kuyakubali matusi ya Luther dhidi ya Wayahudi. Mkutano Mkuu wa Budapest ulilishughulikia jambo hilo mwaka 1984. Rais wa Fungamano hadi mkutano huo alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba. Kwa hiyo mwanafunzi asituambie kwamba hilo ni deni la Wajerumani peke yao. Tumerithi katekisimu ya Luther na nyimbo zake. Hatuwezi kupokea urithi tukakataa kuyasikia madeni.

Mambo matatu tunayoweza kujifunza

Yafaa sasa tuonyeshe kwa mifano jinsi mapokeo ya Kiyahudi yanavyoweza kuifanya tafakari iwe bora.

Mfano wa kwanza ni neno "sheria". Katika tafsiri ya Union ya mwaka 1952, Zaburi 1:2 husema juu ya mtu anayeifurahia sheria ya Bwana. Msomaji wa Kilutheri akisikia neno hilo, mara moja hukumbuka Sheria inayoshtaki, ile inayomkimbiza mwenye dhambi kwenye Injili. Atashangaa: mtu anaifurahiaje? Katika Yoshua 1:8 neno lile lile la Kiebrania limeandikwa "torati". Maana yake ya msingi ni mafundisho, maelekezo ya baba kwa mtoto. Myahudi anayeitoa Torati katika sanduku lake siku ya Sabato huipokea kama zawadi. Mwandishi wa tafakari akilijua hilo, hatamwambia msomaji kwamba mwimba Zaburi alikuwa mtumwa aliyeipenda minyororo yake.

Katika aya hizo mbili limo pia neno ambalo sisi tumelifasiri "kutafakari". Katika Kiebrania kitenzi hicho kina sauti. Isaya 31:4 hukitumia kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake, na Isaya 38:14 kwa hua anayelia. Ndiyo maana Yoshua aliambiwa kwamba kitabu kisiondoke kinywani mwake. Mpaka leo mwanafunzi wa Kiyahudi husoma kwa sauti, mara nyingi pamoja na mwenzake, wakiulizana na kubishana. Luther aliligusa jambo hili. Katika dibaji yake ya mwaka 1539, akiifuata Zaburi 119, alitaja sala, tafakari na majaribu kuwa njia ya kujifunza theolojia, akasisitiza kwamba tafakari si ya moyoni tu bali pia ya kinywa. Tafakari zetu zinazosomwa kwa macho, peke yako, kwa dakika tano, zimetoka mbali na rabi, na zimetoka mbali na Luther vilevile.

Mfano wa pili ni Yona. Ni mara nyingi kiasi gani tumesoma kwamba Yona ni picha ya Wayahudi wenye wivu, wasiotaka mataifa waokolewe? Basi yafaa ijulikane kwamba kitabu cha Yona husomwa chote katika sinagogi alasiri ya Siku ya Upatanisho, siku takatifu kuliko zote katika mwaka wa Kiyahudi, watu wakiwa wamefunga tangu jioni iliyotangulia. Wayahudi hukisoma ili wao wenyewe watubu. Wanakiri kwamba wamekimbia kama Yona, na wanatamani kusamehewa kama Ninawi. Sisi tumekichukua kitabu cha toba cha watu wengine tukakifanya hati ya mashtaka dhidi yao. Mwandishi anayelijua hilo atauliza swali gumu zaidi: ni nani leo ambaye Kanisa letu halitaki asamehewe?

Mfano wa tatu ni jicho kwa jicho. Tafakari nyingi juu ya Mathayo 5:38 husema kwamba Wayahudi walifundishwa kisasi na Yesu akaleta upendo. Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, inaonyesha jinsi marabi walivyoielewa amri hiyo: aliyemjeruhi mwenzake alipe fidia ya mambo matano, yaani hasara ya mwili, maumivu, matibabu, kazi iliyopotea, na aibu. Wazee wa koo zetu wangeielewa hukumu hiyo bila mkalimani. Nayo amri ya kumpenda jirani imo katika Mambo ya Walawi 19:18, ambako Yesu aliikuta. Mwandishi aliyemsikia akiitaja pamoja na Shema, yaani ungamo la Kumbukumbu la Torati 6:4-5, alikubaliana naye, na Yesu akamwambia kwamba hayuko mbali na ufalme wa Mungu (Mk. 12:28-34). Makali ya neno la Yesu juu ya shavu la pili hayapungui kwa kuyajua haya. Linabaki gumu kwetu sisi.

Heshima isiyo heshima

Upande wa pili kuna hatari nyingine, nayo inakua. Wako wanaodhani kwamba wanayathamini mapokeo ya Kiyahudi kwa sababu wanapamba ibada zao kwa vitu vya Kiyahudi. Hupuliza baragumu, huvaa shali za sala, au Alhamisi Kuu huandaa karamu ya Pasaka ya Kiyahudi na kueleza kwamba kila kipande cha mkate kilikuwa tangu mwanzo siri juu ya Kristo. Utaratibu wa karamu hiyo kama unavyojulikana leo ulijengwa na marabi baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Hatuwezi kuupeleka wote katika chumba cha juu alichoketi Yesu. Zaidi ya hayo, ni sala ya nyumba ya watu walio hai. Mgeni aliyekaribishwa mezani hukaa kwa adabu; hachukui vyombo vya mwenyeji akaenda kumfundisha maana yake.

Wako pia wanaochanganya heshima hii na siasa, kana kwamba kuwapenda Wayahudi ni kukubali kila tendo la serikali ya Israeli, au kana kwamba kuihukumu serikali hiyo kunaruhusu kuwatukana Wayahudi. Mambo haya yatenganishwe. Manabii wenyewe waliwapenda watu wao na waliwakemea wafalme wao, na katika Palestina wako Walutheri ndugu zetu ambao kilio chao hatuna ruhusa ya kukisahau.

Heshima ya kweli ni kazi ya unyenyekevu zaidi: kusoma. Wayahudi huigawa Torati yote katika sehemu 54 na kuisoma mwaka mzima, kila juma na sehemu yake, bila kuruka orodha za majina wala sheria za ukoma. Mwaka 1923, huko Vienna, rabi Meir Shapiro alipendekeza kwamba Wayahudi popote walipo wasome kila siku karatasi moja, ile ile, ya Talmudi ya Babeli. Karatasi hizo ni 2,711, na mzunguko mmoja huchukua yapata miaka saba na nusu. Mzunguko wa 14 ulianza Januari 2020. Watu wa namna hiyo hawasomi ili wapate faraja ya asubuhi peke yake. Husoma kwa sababu wamepewa. Waandishi wetu wa tafakari wanaweza kujifunza kwao uvumilivu mbele ya matini isiyotoa jibu haraka.

Je, Kristo anapunguzwa?

Wenzetu kadhaa huuliza kama njia hii haimpunguzi Kristo. Swali ni halali, maana Mlutheri asiyemhubiri Kristo amekwisha kuacha kazi yake. Lakini Kristo tunayemhubiri alitahiriwa siku ya nane, aliomba Zaburi, na alifundisha katika masinagogi. Luther mwenyewe mwaka 1523 aliandika kijitabu kuwakumbusha Wakristo kwamba Yesu alizaliwa Myahudi. Tena, alipofasiri Biblia alijifunza kwa Nikolao wa Lyra, naye Nikolao alijifunza mengi kutoka kwa Rashi, rabi wa Troyes aliyeishi kuanzia 1040 hadi 1105. Sauti ya rabi imo ndani ya urithi wetu tangu zamani, ingawa hatukumshukuru.

Mtume Paulo, aliyejiita Farisayo (Mdo. 23:6), anatuwekea mpaka katika Warumi 11. Matawi yaliyopandikizwa yasijisifu juu ya shina, maana shina ndilo linaloyachukua; na karama za Mungu na mwito wake hazina majuto. Paulo hakueleza jinsi siri hiyo itakavyofunguliwa. Alimaliza kwa kumsifu Mungu ambaye njia zake hazichunguziki. Mwandishi wa tafakari naye ana ruhusa ya kuishia hapo. Si lazima kila ukurasa ufunge hesabu ya Israeli kabla ya chai ya asubuhi.

Hitimisho

Tunapendekeza maswali manne kwa wahariri na kwa wanafunzi wanaopewa kazi ya kuandika tafakari. Kwanza, je, nimeisoma sura nzima ambamo aya hii imetoka? Pili, je, neno la Agano la Kale limeachwa liseme lenyewe kwa Kanisa, kabla ya kupewa aya ya kulijibu? Tatu, nikisema "Wayahudi" au "Mafarisayo", je, nimemkumbuka Gamalieli aliyewatetea mitume (Mdo. 5:34-39), na wale Mafarisayo waliomwonya Yesu kwamba Herode anataka kumwua (Lk. 13:31)? Nne, kama Myahudi mcha Mungu angeketi nasi katika sala hii ya asubuhi, je, angesikia juu yake jambo ambalo ni kweli?

Swali la nne ndilo zito. Katika sharika zetu nyingi hakuna Myahudi atakayeketi nasi, na kwa sababu hiyo hakuna atakayetusahihisha. Hapo ndipo amri ya nane inapotubana zaidi, maana jirani asiyekuwapo hana wa kumtetea ila mwandishi. Katekisimu Ndogo inatuagiza tumtetee jirani, tumnene vema na kuyaeleza yote kwa wema. Tunaifundisha amri hiyo kwa watoto wa kipaimara. Na iwe pia kanuni ya ukurasa ule mdogo ambao wazazi wao huusoma kila siku.